Kufufua kamera tatu za ulinzi kwa programa ya CH341A: uzoefu wangu

Nina duka la vifaa vya ujenzi Kongowea, Mombasa, na dukani humo mna kamera nne za ulinzi za aina moja, zilizofungwa siku moja na fundi mmoja. Mwezi uliopita niliamua kusasisha programu dhibiti yake, ile ambayo mafundi huiita fimuwea, nikazipa amri kamera tatu moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa mezani, kwa kuwa plagi yake ya mtandao ilikuwa imeliwa na hewa ya bahari. Stima ikapotea kabla kazi haijakwisha. Iliporudi, rekoda haikuiona hata moja kati ya zile tatu, na muuzaji niliyempelekea alizitazama kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa tungu, akasema, “Hizi zishakufa, mzee wangu. Mpya ni elfu nne na mia nane kila moja. Nikuandikie risiti?”

Sikumlaumu, kwani yeye huuza kamera, hazitengenezi. Hata hivyo sikuandikiwa risiti. Sasisho hufuta kwanza sehemu ya chipu ya kumbukumbu, kisha huandika upya, na umeme ukikatika katikati, kinachobaki ni chipu iliyoandikwa nusu. Lenzi ni nzima na bodi ni nzima. Kinachokosekana ni maandishi. Kwa hiyo nilinunua programa, yaani kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, yenye bodi nyeusi na chipu kuu ya CH341A, pamoja na klipu ya miguu minane ya kubania chipu ikiwa bado kwenye bodi, na adapta ndogo ya seriali ya USB, ambayo huwezesha kompyuta kuzungumza na bodi kwa nyaya chache. Vyote vitatu havikufika shilingi 2,000.

Nianze na kasoro iliyonitia hofu zaidi. Chipu ya kumbukumbu ya kamera zangu ni W25Q64JV, ambayo hufanya kazi kati ya volti 2.7 na 3.6. Mpwa wangu, anayesomea elektroniki, alikataa tusiunganishe chochote kabla ya kupima. Mita ilionyesha kwamba waya wa umeme ulitoa volti 3.3 kama ilivyotakiwa, lakini nyaya za data zilikuwa zikipanda hadi volti 5. “Mjomba, ukiibana hivi hivi, huenda ukaiua ile nzima,” akaniambia. Kasoro hii inajulikana sana katika bodi hizi nyeusi, na wengine huzitumia vivyo hivyo bila madhara, ila sisi hatukutaka kubahatisha na kamera pekee iliyokuwa hai. Kijana alibadili njia ya umeme wa CH341A yenyewe ili ilishwe volti 3.3 badala ya 5, kazi ya nusu saa kwa mwenye mkono mtulivu na ncha nyembamba ya kulehemu. Asiye na mtu wa namna hiyo atafute bodi ambayo mtengenezaji wake ameshairekebisha. Vilevile asome maandishi ya mgongoni mwa chipu, kwa kuwa zipo ndugu zake za volti 1.8 ambazo hazivumilii hata 3.3.

Tulianza na kamera ya nne, ile nzima, kwa sababu tulihitaji nakala ya kunakilia. Hapa ndipo klipu ilipotuonyesha ubaya wake. Waya mwekundu unapaswa kuelekea mguu wa kwanza, wenye kitone, na hilo si gumu. Ugumu ni kwamba meno yake ni laini na huteleza ukipumua karibu. Miguu ya chipu ilikuwa na utando wa kijani, chumvi ile ile iliyokula plagi, tukaisugua kwa mswaki na spiriti mpaka ikang'aa. Tukasoma mara mbili, na mafaili mawili, kila moja la baiti 8,388,608, hayakulingana. Tukasoma tena, hayakulingana. Sababu ilikuwa kwamba klipu hupeleka umeme kwenye bodi nzima, si kwenye chipu peke yake, hivyo ubongo wa kamera nao huamka na kuanza kuzungumza na chipu ile ile unayoisoma. Mwishowe tuliing'oa chipu kwa hewa ya moto, tukaiweka kwenye kitako cha programa, na usomaji wa kwanza na wa pili ukalingana baiti kwa baiti. Tangu hapo sijaigusa klipu ile, na kwa maoni yangu ni bora isingewekwa kwenye boksi kabisa.

Kabla ya kung'oa chipu nyingine yoyote tulijaribu seriali, na ningemshauri kila mtu aanzie hapo. Kwenye bodi kuna vitobo vitatu vya ardhi, kutuma na kupokea. Kutuma kwa kamera huunganishwa na kupokea kwa adapta, na kinyume chake, huku kamera ikitumia adapta yake ya volti 12 na waya wa umeme wa USB ukiachwa wazi. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, kamera mbili zilianza kuandika mistari kwenye skrini pale pale. Kianzishi chao, U-Boot, yaani programu ndogo inayotangulia kuamka kamera inapowashwa, kilikuwa salama, na kilisubiri sekunde moja tu mtu abonyeze kitufe. Tulipenya hapo, tukavuta kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao, sehemu zilizoharibika kutoka kwenye nakala yetu, tukafuta na kuandika sehemu hizo tu, bila kugusa kianzishi wala mipangilio. Zote mbili ziliwaka kabla ya adhuhuri.

Ya tatu, niliyoipa amri mwisho, ilikuwa bubu. Nadhani ilikatwa mwanzoni kabisa mwa uandishi, ambako ndiko kianzishi kinakokaa. Hiyo ndiyo iliyohalalisha bei ya programa. Chipu yake ilisomwa na kuhifadhiwa kwanza, hata kama ilikuwa mbovu, kisha ikaandikwa nakala nzima, ikathibitishwa, ikalehemiwa tena. Picha ya rafu za rangi na mabomba ikatokea, nami nikapiga makofi peke yangu kama mtoto.

Furaha haikudumu jioni nzima. Tulipoirudisha kamera ya nne ukutani na plagi mpya, rekoda ilionyesha moja ikaipoteza nyingine, zikipokezana, kwa kuwa nakala nzima tuliyoiandikia ya tatu ilibeba pia anwani ya MAC ya kamera ya nne, ile namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kwa bahati ile nakala mbovu ya chipu ya tatu bado ilikuwa na sehemu ya mipangilio iliyo salama, na humo tukaikuta anwani yake halisi. Tuliingia U-Boot, tukaiandika upya kwenye kigezo cha ethaddr, kinachoshika anwani hiyo, tukahifadhi na kuwasha upya.

Kilichobaki ni namba ya kutazamia kwa simu. Kwenye programu ya simu, kamera ya tatu bado inajitambulisha kama ya nne, kwa hiyo naitazama kupitia rekoda pekee, na mpwa wangu ameahidi kulishughulikia wikendi atakapokuja kunirudishia mita yangu.