Unga wa bluu wa kulishia inzi wa matunda: vijana watashiba, bibi zao watanasa

Ni ule unga wa bluu usiopikwa. Unaumimina kichupani, unaweka maji kiasi kile kile, ukishanyonya unanyunyizia punje za hamira, kazi imekwisha. Kwenye maabara yetu mimi ndiye mkoroga sufuria ya unga wa mahindi, agari (kigandishio cha mwani) na molasi, kwa hiyo bega langu lilishukuru mapema.

Tuliununua kwa jaribio la kurudia alichokiandika mwanajenetikia Calvin Bridges mwaka 1927: umri wa inzi jike hubadilisha kiwango cha kromosomu zake (nyuzi zinazobeba sifa za urithi) kupeana vipande wakati mayai yanapoundwa, hasa karibu na sentromia, pale kromosomu ilipobana. Mama ni yule yule, ila mchanganyiko wa sifa kwa watoto wake wa mwanzo si ule wa watoto wa uzeeni. (Dume mwacheni, kwake vipande havibadilishwi kabisa.) Tunafuata alama mbili za kromosomu ya tatu, macho mekundu ya kung'aa na mwili mweusi, tukihesabu watoto waliopata moja bila nyingine, maana kwao ndipo vipande vilipobadilishwa.

Hapo lazima mama wahamishiwe chupa mpya kila baada ya siku chache, na unga huu unakupa chupa mpya upesi. Mabuu meupe yanaonekana vizuri juu ya ule ubluu. Kuvu sijaiona.

Shida inaanza mama wakizeeka. Maji yakizidi kidogo tu, juu panabaki panateleza na kunata. Jike kijana anapita zake. Wa wiki nne bawa likigusa, kanasa, unamkuta chali miguu ikipapasa. Wanaokufa hivyo ni wale dhaifu, basi unabaki na wazee wenye nguvu peke yao halafu unasema umepima uzee! Maji yakipungua nako, unga unakauka na kuachana na chupa. Ukigonga kuwahamisha, bonge zima linawaporomokea.

Kulaza chupa ubavu mpaka inzi waliolazwa kwa gesi ya kaboni dioksidi waamke kunasaidia, lakini si sana.

Nyota tatu. Walimu wa sekondari wanaotaka kizazi kimoja, siku kumi hivi kwenye nyuzi 25, nunueni. Wa majaribio ya umri, pikeni tangu siku ya kwanza. Msianze na huu mkamalizia na wa sufuria, maana hapo hamtajua kilichobadilisha watoto ni umri wa mama au chakula chake.