Nimebadilisha Sensa ya Loki ya Difu na Taa Bado Inapepesa: Tazama Hii Ncha Kabla Hujanunua

Mnaiona hiyo taa? Kijana, sogeza kamera, jua linapiga kwenye kioo cha dashibodi. Hapo hapo. Ile ya rangi ya chungwa, yenye picha ya ekseli na alama ya msalaba. Inapepesa. Imepepesa hivyo wiki tatu sasa. Nimenunua sensa mpya, nimeifunga kwa mkono wangu, na bado inapepesa. Kwa hivyo karibuni tena kwenye chaneli, ndugu zangu, lakini leo salamu zitakuwa fupi. Nimeudhika na hiki kidude, na nataka kila mtu mwenye gari la loki, kile kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, akione kabla hajatoa pesa yake.

Gari mnalijua, Toyota Land Cruiser ya muundo wa 80, loki za umeme za kiwandani mbele na nyuma. Injini tulishaiongea, tairi tulishaziongea, sirudii. Leo ni kitu kimoja, kidude kisichozidi kidole gumba: sensa ya loki ya difu ya nyuma, difu ikiwa zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ile iliyokuja na gari ilifanya kazi karibu miaka 30, kwenye matope, kwenye mito, kwenye vumbi la Magadi, na sina neno baya juu yake. Ninayoilalamikia ni hii mpya, iliyokuja ndani ya boksi jeupe lisilo na jina lolote, kutoka duka moja la Kirinyaga Road, Nairobi. Duka silitaji.

Mambo yalianzia upande wa Isinya, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Mnaujua ule udongo mweusi, unashika tairi kama ulimbo. Nikaingiza gia ya lo, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, nikazungusha swichi ya loki kwenda nyuma, taa ikaanza kupepesa. Hiyo ni kawaida. Inapepesa mpaka loki ishike, halafu inatulia. Nikasogea taratibu, nikakata usukani kulia, kushoto, meno ya loki yapate kukutana. Taa haikutulia. Lakini gari likatoka kwenye matope! Tafadhali lishikeni hilo: taa ilipepesa na gari likatoka.

Niliporudi mjini, gereji moja ikaniambia mota ya loki imekufa, nitoe shilingi 45,000. Hakuna aliyelala chini ya gari. Hakuna aliyepima hata waya mmoja. Ninajua wengi wenu mmeandika kwenye maoni kwamba mmeambiwa hivyo hivyo, na baadhi mlilipa. Ndiyo maana video hii imekuwa ndefu.

Nieleze upesi inavyofanya kazi, halafu twende chini. Ndani ya difu kuna kola yenye meno. Mota ya umeme inasukuma uma, uma unasukuma kola, kola inashikanisha ekseli na difu, magurudumu mawili yanazunguka kama kitu kimoja. Uma ukifika mwisho, unabonyeza ncha ya sensa hii. Umeme unapita, kompyuta ya loki inapata habari, taa inatulia. Basi. Sensa haifungi kitu na haifungui kitu. Ni shahidi tu. Shahidi akinyamaza haina maana kwamba tendo halikutendeka. Na msiichanganye na swichi zilizo ndani ya mota yenyewe, zile zinazoizima ikifika mwisho wa safari yake. Hizo ni habari nyingine.

Haya, twende chini. Mzee wangu hapa, fundi wangu wa siku zote, ameshainua ekseli ya nyuma na kuiweka juu ya stendi mbili. Stendi, siyo jeki peke yake, nawaomba sana. Mbele ameweka mawe pande zote mbili za kila tairi. Mnajua kwa nini? Kwa sababu breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma, na ili nipime lazima niiachilie. Ukisahau mawe, gari linaweza kuondoka juu ya stendi na wewe uko chini yake.

Sasa loki imezimwa. Nazungusha gurudumu la kulia kwenda mbele. Kijana, onyesha la kushoto. Mnaona? Linarudi nyuma. Moja linaenda, jingine linarudi. Hiyo ni difu iliyo wazi. Sasa mzee wangu, washa swichi ya ufunguo, bila kuwasha injini, gia iko kwenye lo. Zungusha loki kwenda nyuma. Sikilizeni mota... imelia. Mota nzima, ile ya shilingi 45,000! Nachezesha gurudumu kidogo, natafuta meno... tak! Mmesikia? Sasa tazama nikivuta. Haligeuki. Navuta kwa mikono miwili, nimeegemeza na goti, haligeuki hata kidogo. Difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, imefungwa, tairi za mbele ziko chini, difu ya nyuma imefungwa, kwa hivyo hakuna mahali gurudumu hili litakwenda. Loki imeshika. Haya, nenda kwenye dashibodi. Taa? Inapepesa.

Kwa jaribio hilo la dakika tano, bila kipimo chochote, nimejua mota iko sawa, uma uko sawa, kola iko sawa. Kilichobaki ni sensa, au nyaya zake, au kompyuta. Gurudumu la pili likiendelea kurudi nyuma hata ukichezesha sana, hapo ndipo uanze kuifikiria mota, au uma ulioganda kwa kutu. Na kuganda kunakuja kwa loki ambazo hazitumiki. Hata kama hauendi porini, angalau mara moja kwa mwezi tafuta barabara ya vumbi, endesha chini ya kilomita 8 kwa saa kwa sababu ukizidi hapo haiingii, ifunge, ifungue.

Nyaya sasa. Nachomoa plagi ya sensa. Ina matundu mawili. Nachukua kipande cha waya, nayaunganisha. Dashibodi inasemaje? Imetulia! Kwa hivyo nyaya ziko sawa mpaka juu, kompyuta iko sawa. Isingetulia, ningefuata waya kutoka hapa hadi ndani, hasa pale zinapopita juu ya ekseli, maana zinachubuka na maji yanaingia.

Na hapa nasimama kidogo. Kuna fundi mmoja alinishauri tuziunge hizo nyaya moja kwa moja, tufunge kwa tepu, tumalize maneno. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Nasema kwa moyo wote. Ile taa ndiyo inayokuambia loki imeshika, na ndiyo inayokuambia imeachia. Sasa fikiria umetoka porini, umezima swichi, kola imekwama, na huna shahidi. Unaingia kwenye mzunguko wa barabara, lami kavu, magurudumu ya nyuma yamefungwa pamoja. La ndani linataka kwenda pole, la nje linataka kwenda mbio, na hayaachani. Tairi zinapiga kelele, ekseli inapindwa. Ikiwa ni loki ya mbele, usukani unakuwa mzito kabisa na unaweza kuvunja joi za mbele, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu yanapokata kona. Nina watoto wanaopanda gari hili.

Basi, hiki ndicho nilichowaitia. Nimeshaitoa ile sensa mpya kwenye difu. Sogeza kamera karibu kabisa. Mkono wa kulia, sensa ya zamani. Ncha yake imeganda kwa kutu, nikiibonyeza hairudi, na mita ya umeme hailii. Imefika mwisho wake, nimeikubali. Mkono wa kushoto, mpya. Naweka mita kwenye mlio. Nabonyeza... inalia. Naachilia... kimya. Nabonyeza tena... inalia. Kwa umeme ni nzima! Ukiipima dukani utaridhika. Mimi niliipima pale pale kaunta, nikaridhika, nikalipa.

Sasa zilaze pamoja. Hivi, bega kwa bega, nyuzi zake za skrubu zianzie mahali pamoja. Tazama ncha. Tazama! Hii mpya ni fupi. Nimeweka kipimo, tofauti ni milimita moja na kidogo. Mtu atasema milimita moja ni nini. Milimita moja ndiyo kila kitu. Uma ukifika mwisho wake haupati cha kubonyeza. Loki imeshika, uma umefika, na ncha imekaa pale inaungojea.

Na bado. Tazama wosha, hii pete, waliyoweka kwenye boksi. Nene! Ya zamani ilikuwa nyembamba, ya madini laini. Hii ni nene karibu mara mbili. Wosha inakaa kati ya sensa na nyumba ya difu, kwa hivyo kadiri ilivyo nene ndivyo sensa inavyozidi kurudi nje. Ncha fupi, halafu wosha inaivuta nje zaidi. Aliyeitengeneza hajawahi kuiweka kwenye difu hata mara moja, siwezi kuamini kwamba aliijaribu. Ametazama umbo, amenakili umbo, na kazi yake hakuijua. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mwili wenyewe ni mzuri! Plagi inaingia na kubana sawasawa, mpira wa kuzuia maji ni mlaini na umekaa vizuri, nyuzi zimekatwa safi. Kabla sijaifunga niliidumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi mita bado ikalia. Wamefanya sehemu ngumu vizuri, wakaharibu ile rahisi.

Wenye Wrangler Rubicon mnaniandikia sana, kwamba hata kwenu taa zinapepesa. Najua. Nanyi, kwenye Rubicon za kuanzia 2007, loki zenu ni za umeme na zinategemea sensa kutoa habari. Jaribio la kuinua ekseli ni lile lile, anzeni hapo. Wengine mnasema weka loki ya kampuni ya ARB uache kusumbuka. ARB ni loki nzuri, inafungwa kwa hewa, na kwenye Rhino Charge utaiona kwenye magari mengi. Na kwa ambao hawaijui Rhino Charge, ni mashindano ya magari ya porini hapa Kenya, yalianza 1989, yanachangia kulinda misitu, pesa zake zilijenga ua wa umeme wa Aberdare, na mshindi ni aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa mbio. Tutakwenda pamoja, nitawaambia lini. Lakini kwenye ARB ya kawaida taa ya swichi inawaka kwa sababu umebonyeza swichi. Haina shahidi ndani ya difu. Mimi napenda shahidi.

Bei. Hii ni shilingi 3,500. Ya kiwandani niliulizwa 11,000, na kuisubiri siku kumi. Nilipoanza kurekodi asubuhi nilikuwa nimeamua kuwaambia msiiguse kabisa. Sasa nimeifikiria upya, kwa sababu ya hiki ninachotaka kufanya. Mzee wangu, nipe beseni, oili itamwagika kidogo.  Natupa wosha yao, naweka ile nyembamba ya zamani, nimeisugua ikawa safi. Narudisha kwa mkono kwanza, halafu spana, taratibu, msikaze kama nati ya gurudumu. Plagi. Swichi. Zungusha loki. Nachezesha gurudumu... tak. Dashibodi?

Imetulia! Imetulia, jamani!

Subirini, msishangilie bado. Zima loki. Chezesha gurudumu... imeachia. Taa? Imezimika. Hilo ni muhimu sawa na lile la kwanza, kwa sababu ukiweka wosha nyembamba kupita kiasi ncha itabaki imebonyezwa siku zote, na taa itakuambia imefungwa wakati iko wazi. Tumeirudia mara nne kabla ya kuendelea kurekodi, na mara nne imesema kweli.

Kwa hivyo ukiwa na wosha ya zamani, na una mtu wa kukusaidia kupima kufunga na kufungua, 3,500 inaweza kukufikisha. Mimi ya kiwandani nimeshaiagiza. Siwezi kwenda jangwa la Chalbi nikitegemea sehemu ya milimita. Na ukienda kununua, beba ile ya zamani mfukoni, zilaze pamoja juu ya kaunta, ncha kwa ncha. Muuzaji akikataa, toka.

Kuhusu chaneli: wale mlioniuliza, kipindi cha moja kwa moja kimehamia Jumamosi jioni, saa mbili, kwa sababu Ijumaa foleni ya Ngong Road haituruhusu kufika. Wiki ijayo ni loki ya mbele, na huko nina wasiwasi zaidi, ilichelewa kuachia mara mbili juzi. Bonyezeni kengele msiikose.

Mzee wangu, asante. Toa mawe mwisho, kwanza tushushe gari.