Kasi nimeiona, bei zikagoma

"Mama, hiyo ni intaneti yenu ya Mombasa." Ndivyo alivyonijibu kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni yenye seva inayobeba tovuti yangu, nilipolalamika kuwa tovuti yaonyesha bei za zamani, na mpaka sasa nikikumbuka napandwa na hasira. Intaneti yetu! Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua hapa hapa kwetu tangu 2009. Huko bara anakokaa yeye inafika ikishapita kwetu.

Nauza leso Biashara Street, na tovuti yangu ilikuwa ikifunguka kwa kujivuta. Wenye seva wakaniuzia "huduma ya kasi", yaani kuwekewa OPcache, kiendelezi (nyongeza) cha PHP, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa tovuti yangu. PHP ikiachwa hivi hivi husoma na kutafsiri msimbo upya kila mteja anapofungua ukurasa. OPcache huutafsiri mara moja tu, matokeo yakakaa kwenye memori. Sikatai, kasi ilikuja. Ukigusa tu, leso hizo! Nikawasifia kwa majirani wote.

Halafu nikapandisha bei. Bei zangu ziko ndani ya faili la PHP, nazibadilisha mwenyewe. Faili lina bei mpya, tovuti yaonyesha ya zamani. Nahifadhi tena, wapi! Bibi mmoja akavuka feri kutoka Likoni, simu mkononi, bei ya zamani hiyo. Nikamuuzia kwa bei hiyo hiyo, ningemwambia nini? Kupiga simu ndipo nikaambiwa hayo ya intaneti, kisha eti nifute historia ya brauza. Brauza yangu na simu ya bibi wa Likoni wapi na wapi, yakhe?

Mpwa wangu ndiye aliyefungua phpinfo, ukurasa unaoonyesha mipangilio ya PHP, akaona: mpangilio wa opcache.validate_timestamps wameuweka 0, yaani umezimwa. Hapo PHP haitazami kabisa kama faili limebadilika, mpaka ianzishwe upya au OPcache isafishwe. Wapo wanaofaidika na mpangilio huo, lakini mimi nani aliniambia? Akaweka 1, akaanzisha upya PHP-FPM, programu inayoendesha PHP kwenye seva, bei zikatoka papo hapo. Kasi iko vile vile.

Na hiyo OPcache inakuja ndani ya PHP yenyewe, bure, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013! Nimelipishwa kuwashiwa taa ya nyumbani kwangu.

Kiendelezi, nyota tano. Kampuni, sifuri. Haya, moja, maana seva haijapata kuzima. Hata hiyo moja naiona nyingi. Mwezi ujao nahama... ila Idi inakaribia, sitaki wateja wakute tovuti haifunguki. Baada ya Idi, basi. Wakinirudishia pesa yangu, tutazungumza.