VATSIM kwa anayerusha ndege kwenye kompyuta: uzoefu wangu

Kurusha ndege peke yako kwenye simuleta kuna kikomo. Anga huwa tupu, au limejazwa ndege za programu zinazofuata mstari uleule, na sauti ya mnara wa kuongozea ndege ni ya mashine isiyojali hata ukikosea barabara ya kurukia. VATSIM inaondoa upweke huo. Ni mtandao wa bure ulioanza mwaka 2001, unaowakutanisha marubani wa simuleta na waongoza ndege ambao nao ni watu wa kujitolea, wamekaa mbele ya rada kwenye kompyuta zao na wanakujibu kwa sauti. Kwa matumizi yangu, hakuna nyongeza nyingine, iwe ndege ya kununua au mandhari mapya, inayoipa simuleta uzito kama huu. Ila mtandao huu unampenda aliyejiandaa.

Kujiunga ni rahisi. Uwe na miaka 13 au zaidi, utumie jina lako halisi unapojisajili, usome mafunzo ya mwanachama mpya na kufaulu mtihani wake kabla ya kuruhusiwa kuunganika kama rubani. Usiyaruke mafunzo hayo kwa kubahatisha majibu; karibu kila kosa la wageni limeelezwa humo. Kisha chagua programu ya kukuunganisha: vPilot kwa watumiaji wa Microsoft Flight Simulator, xPilot kwa X-Plane, na swift kwa anayetumia simuleta zaidi ya moja, FlightGear ikiwemo.

Vifaa visikutishe. Jambo la lazima ni hedifoni yenye kipaza sauti, kwa sababu ukitumia spika za mezani sauti ya mwongoza ndege inaingia kwenye kipaza sauti chako na kurudi hewani. Kitufe cha kuongea kiweke kwenye usukani au jostiki, mahali ambapo kidole hakifiki kwa bahati mbaya. Kitufe kikikwama, umeziba masafa yote, yaani mkondo wa redio mnaotumia pamoja: wawili wakiongea pamoja husikika mlio tu, kama kwenye redio za kweli. Rekebisha kiwango cha kipaza sauti ndani ya programu mpaka mstari ukae kwenye kijani unapoongea kwa sauti ya kawaida. Na ukishabonyeza, subiri kidogo kabla ya kuongea, la sivyo silabi za kwanza za jina la safari yako, lile unalojitambulisha nalo redioni, zinakatika na mwongoza ndege hajui nani kaita.

Kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawaugusi kisha wanalalamika. Programu ya kuunganisha hupokea aina ya ndege na shirika la kila mwenzako, lakini picha inayoonekana hutoka kwenye kompyuta yako. Usipokuwa na mifano hiyo, ndege zote zitafanana, au utaambiwa umfuate Airbus wa shirika fulani na usimwone. Pakua mkusanyiko wa mifano kama FSLTL, ambao ni wa bure, kisha uelekeze vPilot kwenye faili lake la kanuni za kulinganisha. Tumia mifano tu. Kile kiprogramu chake cha kumwaga ndege angani kiache kimezimwa. Zima pia ndege za simuleta yenyewe, wachezaji wengine wa simuleta na mwongoza ndege wa mashine. Vinginevyo utakwepa ndege ambayo hakuna mwingine anayeiona.

Sasa mpango wa safari, na hapa ndipo muda wako uende. Mimi napendekeza SimBrief: unaweka uwanja wa kuondoka, wa kufika na aina ya ndege, inakupa njia, mafuta na kimo, na unaweza kuutuma mpango VATSIM moja kwa moja. Makosa ni yaleyale siku zote. La kwanza, jina la safari kwenye mpango halilingani na lile uliloingilia, kwa hiyo mwongoza ndege haoni kitu. Shirika huandikwa kwa herufi tatu, KLM123, si mbili kama kwenye tiketi. La pili, kimo cha safari: kwa kawaida ukielekea mashariki, nyuzi 000 hadi 179, unachukua maelfu ya witiri kama 35,000; ukielekea magharibi unachukua ya shufwa kama 36,000. Nchi chache hupanga kwa kaskazini na kusini badala yake. La tatu, data za usafiri wa anga hubadilika kila siku 28, na toleo la bure la SimBrief hutumia data za zamani. Namba iliyo ndani ya jina la utaratibu wa kuondoka, yaani njia maalumu ya kutoka uwanjani, hupanda kila utaratibu unaporekebishwa, kwa hiyo unaweza kupewa wenye namba ambayo kompyuta ya ndege yako haina. Usijifanye unao. Mwambie huna, atakupa uelekeo wa kuruka na mambo yataendelea.

Unganika ukiwa kwenye maegesho, kamwe si juu ya barabara ya kurukia, maana unaweza kutokea mbele ya ndege inayotua. Sikiliza kwanza taarifa ya uwanja iliyorekodiwa (ATIS) na ushike herufi inayoitambulisha. Kisha omba kibali cha safari. Chukua karatasi, andika mistari mitano kabla hata hujaita: mwisho wa kibali, njia, kimo cha kwanza, masafa ya kuondokea, msimbo wa transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Mwongoza ndege akianza kusoma, wewe unajaza tu. Kwa ndege ya kwenda Schiphol, karatasi yako itakuwa na EHAM (msimbo wa uwanja huo), jina la utaratibu, futi 6,000, labda masafa, halafu msimbo wa tarakimu nne kama 2241. Mrudishie yote kwa mpangilio huohuo. Anayeshindwa hapa mara nyingi si kwa sababu hajui Kiingereza cha redio. Ameshindwa kwa sababu alikuwa bado anaandaa kompyuta ya ndege alipoita. Andaa kila kitu, ndipo uite.

Maneno mengine ya lazima kurudia ni barabara uliyopewa, agizo la kusimama kabla ya barabara, uelekeo, kimo, kasi, kipimo cha shinikizo la hewa na masafa mapya. Usiposikia vizuri, omba arudie. Waongoza ndege wa mtandao huu wana subira kubwa kwa anayeuliza, na ukijitambulisha kuwa mgeni wanapunguza kasi ya kuongea. Kinachowachosha ni rubani anayejibu sawa kisha anakata kulia badala ya kushoto.

Angani, shida kubwa ni kushuka. Hesabu ni hii: maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000, ukiongeza kama 10 za kupunguza kasi. Kutoka futi 35,000 hadi 3,000 ni futi 32,000, yaani maili 96, jumla kama 106. Omba kushuka kabla ya hapo, kwa sababu masafa yanaweza kuwa na foleni ya watu. Kasi ya kushuka ni kasi yako juu ya ardhi mara tano: ukienda noti 450 (maili za baharini kwa saa), shuka futi 2,250 kwa dakika. Chini ya futi 10,000 shikilia noti 250 mpaka uambiwe vingine. Ukivuka kiwango cha mpito, yaani kimo unachoacha kutumia kipimo cha kawaida cha 1013, weka kipimo cha hewa cha uwanja ulichopewa. Kila hektopaskali moja, kizio cha shinikizo la hewa, ni karibu futi 28, kwa hiyo ukibaki na 1013 wakati uwanja una 1003, utakuwa chini ya kile unachosoma kwa karibu futi 280, na mwongoza ndege ataliona hilo kwenye rada yake.

Kasoro kubwa ya mtandao inatokana na kuwa wa kujitolea: anga lenye waongoza ndege ni lile ambalo watu wameamua kulifungua saa hiyo. Ulaya na Amerika Kaskazini jioni za huko zimejaa, kwingine kunaweza kuwa kimya. Tazama ramani ya VATSIM Radar au SimAware kwanza, ndipo uchague safari. Kumbuka pia kwamba kituo ambacho jina lake linaishia na CTR, yaani cha anga pana, pasipo mwongoza ndege wa mnara wala wa kukaribia, kwa kawaida huhudumia hata viwanja vilivyo chini yake. Wengi huondoka bila kuita kwa kuona hakuna TWR, yaani mnara. Pasipo mtu kabisa, sehemu nyingi hutumia masafa ya 122.800, na unatangaza unachofanya ili wenzako wajue.

Kanuni zinazowaondoa watu ni chache. Usiache kompyuta bila mtu kwa zaidi ya dakika 30. Usitumie msimbo wa transponda 7500, ule wa ndege iliyotekwa, kabisa. Ukitangaza dharura na mwongoza ndege akakuomba uifute, ifute au ujiondoe. Ujumbe wa kukutaka uwasiliane kwenye masafa fulani unajibiwa mara moja, hata kama ulikuwa jikoni.

Kwa safari za mwanzo chukua ndege unayoimudu bila kufikiri, hata Cessna 172, na uwanja wa kati wenye mnara. Usianze na Heathrow, na Cross the Pond, tukio la kuvuka Atlantiki linalofanyika mara mbili kwa mwaka, iache mpaka uzoee: msongamano wa kuondoka ni mkubwa, na saa sita au zaidi hewani zinataka nidhamu. Anayetaka huduma yenye saa maalumu na waongoza ndege wanaolipwa atazame PilotEdge, ya kulipia na ya anga la Marekani. IVAO, mtandao mwingine wa aina hii, ni ya bure kama VATSIM na muundo wake unafanana. Tofauti utaihisi kwa idadi ya watu katika eneo unalopenda.

Ukivutiwa na upande wa pili wa redio, mafunzo ya mwongoza ndege ni bure pia. Unaanza na daraja la S1 la ardhini, S2 la mnara, S3 la kukaribia, kisha C1 la anga lote. Foleni inaweza kuwa ndefu kwa kuwa walimu nao wanajitolea. Wakati unasubiri, ingia kama mtazamaji, fungua rada ya uwanja wenye shughuli na sikiliza jinsi ndege zinavyopangwa mstari mmoja kuelekea barabara. Hata kama hutaongoza kamwe, utaelewa kwa nini uliambiwa upunguze kasi ukiwa bado maili 40 nje.