Kalenda, kibiriti na ubao wa mji: nilivyojitayarisha na mtihani wa udereva Mombasa

Nimepikia watu biriani miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo sufuria zangu zimepanda tuktuk za watu. Nikipata harusi ya Mtwapa, tuktuk mbili za kwenda, mbili za kurudi, na hapakosi moja itakayofika mchuzi umeshamwagikia viti. Mwaka huu nikajikaza nikanunua Probox iliyokwisha tumika. Ikakaa mbele ya nyumba wiki tatu, watoto wa jirani wakiandika majina yao kwenye vumbi la kioo, maana mwenye gari hajui hata kulitoa. Ndipo nikaenda kujiandikisha skuli ya udereva.

Ya klachi na giya nitayaacha. Hapa nasema juu ya upande wa sheria: ubao, alama, maswali ya mtahini, na vile vitu nilivyovilipia nikidhani vitanifaa.

Kwanza ujue mtihani wenyewe ulivyo, maana mimi niliujua nikiwa nimeshapoteza wiki mbili. Nilidhani nitakaa kitako, nipewe karatasi, nitie alama kwenye visanduku. Sivyo. Unasimama mbele ya meza iliyochorwa mji mzima, ndio huo ubao: barabara za kwenda na kurudi, raundabauti, reli, kivuko cha punda milia, hospitali, maegesho. Unapewa kigari cha kuchezea, na mtahini wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, anakwambia, "Toa gari hapa, nipeleke pale." Unasukuma huku unaeleza kwa mdomo unafanya nini. Kisha anakuonyesha alama kwa kidole, nawe useme ni ya nini. Hakuna majibu manne ya kuotea. Ukinyamaza, umekwisha. Ukitoka hapo ndio uende ukaendeshe gari la kweli.

Skuli sitaitaja jina, na nyota naipa mbili kati ya tano. Nililipa shilingi 13,000 za gari dogo, na masomo ya nadharia yamo humo humo. Jambo moja walilifanya sawasawa: leseni ya muda. Karani alinikalisha mbele ya kompyuta, tukaiomba kwa akaunti yangu ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nayo. Bila ile huruhusiwi kushika usukani barabarani, hata uwe na mwalimu ubavuni na herufi L nyekundu mbele na nyuma.

Masomo sasa. Ubao mmoja, watu kumi na wanane. Waliowahi wameizunguka meza, sisi wenye watoto wa kupeleka skuli tunachungulia juu ya mabega. Vigari vitatu, kimoja hakina magurudumu ya nyuma, kinaburutwa. Mwalimu, kijana mwenye sauti nzuri kweli, anaimba njia: "A kwenda B, shika kushoto, raundabauti, toka ya pili," nasi tunaitikia kama tuko chuoni. Baada ya wiki naijua A kwenda B kama Alhamdu. Lakini ungeniuliza kwa nini nimetia indiketa ya kushoto pale na si pengine, ningekutolea macho.

Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, kwani ubao wa mtihani umechorwa hivi hivi?"

"Unafanana, mama."

"Na usipofanana?"

Akacheka, akaingia C kwenda D.

Na kuna karani mwengine, si yule wa leseni, aliyenivuta kando akaniambia ipo njia ya kutosumbuka, niongeze kidogo tu. Nikamwambia mimi huamka saa tisa za usiku kusumbuka na kuni mbichi, ubao hautanishinda. Zingekuwa nyota mbili na nusu. Hiyo nusu nimeing'oa hapo.

Kijitabu cha alama nilikinunua Mwembe Tayari, kwa muuza vitabu wa kando ya njia, shilingi 150. Kilikuwa cha kutoa kopi, nyeusi na nyeupe. Sasa wewe fikiria, alama za barabarani bila rangi! Duara jekundu na duara la buluu yote kijivu, huwezi kujua lipi linakukataza na lipi linakuamuru. Nilikasirika, nikataka kukirudisha, mtu mwenyewe akawa ameshahama pale. Basi jioni nikachukua kalamu za rangi za binti yangu nikakaa nazipaka moja moja, nikitazama picha kwenye simu. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu, usifanye. Duara la buluu, lazima ufanye. Mstatili unakupasha habari tu. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikaona sihitaji tena kuzitazama. Kwa hivyo kijitabu kibovu kimenifundisha kuliko kizuri, na nyota tatu zake ni za ubovu wake.

Programu ya simu nilipakuliwa na mpwa wangu. Bure, lakini kila baada ya maswali kumi tangazo la mchezo wa peremende. Nikaishikilia usiku baada ya kuosha vyombo, na nikawa hodari: maswali 50, napata 45, napata 47, inanipigia tarumbeta. Nikajiona nimeshapita. Mpaka nilipoanza kushangaa haya maswali ya ukungu na theluji. Kumbe imetengenezwa kwa ajili ya Uingereza, ambako mtihani ni maswali 50 ya kuchagua na ukipata 43 umevuka, halafu kuna sehemu ya video ubonyeze ukiona hatari. Hatari zenyewe ni mwendesha baiskeli wa London kwenye mvua. Hakuna mkokoteni wa maji unaoteremka Mji wa Kale bila breki, hakuna tuktuk inayosimama ghafla katikati ya njia kwa sababu kuna mtu kainua kidole.

Alama nyingi ni zile zile, sisi tulizirithi kwao na upande wa kushoto tulirithi kwao, kwa hivyo si hasara tupu. Lakini mwendo wao ni maili. Nilikuwa nimeshahifadhi kwamba barabara kuu ni 70. Shika hilo, nitalirudia. Na kubwa zaidi: programu ilinizoesha kubonyeza. Jibu liko pale mbele yako, wewe unalitambua tu, ilhali ubaoni ulitoe kichwani, ulipitishe mdomoni, na mkono uko kazini. Nyota moja, na hiyo kwa sababu ni bure.

Kilichonivusha ni kalenda ya mwaka jana ya duka la simiti.

Ami yangu aliendesha trela kutoka Kilindini mpaka Malaba miaka ishirini na kitu. Alikuja Jumapili kula, akaniona nazungumza peke yangu jikoni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba mwanangu. Wasoma nini?"

"A kwenda B."

"B ni wapi?"

Nikakosa la kusema. Akaibandua kalenda ukutani, akaigeuza upande mweupe, akaomba kalamu nene. Akachora barabara mbili zinazokatana, akaweka kikombe chake cha kahawa katikati. "Hii raundabauti ya Makupa." Akachukua kibiriti, akatia mshale ubavuni kuonyesha pua iko wapi. "Hili gari lako. Hebu ingia. Nani anapita kwanza?"

"Mwenye haraka."

"Huyo ni matatu. Mtihanini?"

"Aliye kulia kwangu, aliyekwisha ingia."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ami hakukubali jibu lisilo na sababu. Akachukua vifuniko vya soda, akavipanga kukizunguka kikombe, akanionyesha: huyu wa ndani akisimama kunipisha mimi, wa nyuma yake anasimama, na wa nyuma yake, mpaka hata aliyetaka kutoka hatoki, mji umefunga. Tangu siku ile sikuisahau, na sijaihifadhi pia. Naiona.

Indiketa vile vile. Nikitoka ya kwanza kushoto, natia kushoto tangu nakaribia. Nikienda moja kwa moja, siweki kitu nikiingia, natia kushoto nikipita mlango ulio kabla ya wangu. Nikienda kulia, natia kulia, nashika njia ya ndani, nazunguka, halafu kushoto ninapotoka. Nilikuwa nayaimba haya skulini wiki nzima. Kwa kibiriti, na Ami akiuliza "yule aliyesubiri kule atajuaje unatoka?", yalinichukua robo saa.

Ukinyamaza anagonga meza. "Sema! Mtahini haoni moyoni mwako." Basi nasema: naangalia kioo, natia indiketa, naangalia bega, natoka. Mume wangu chumbani akadhani nimepandwa na shetani.

Usiku mwengine Ami akaja na habari ya mwendo. Mjini ni kilomita 50 kwa saa, hilo kila mtu analisema. "Na 50 ni kasi gani?" Ami akagawanya kwa vidole juu ya kitambaa cha meza: karibu mita 14 kwa kila sekunde. Akasema matatu za Hiace tatu zilizopangana, hizo gari lako limeshazipita katika muda unaotumia kuinua jicho kutoka kwenye simu, na breki bado hujaigusa. Niliwazia sufuria zangu kule nyuma.

Yeye ndiye pia aliyeniambia kwa nini ile alama ya kusimama ina pembe nane na ile ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini. Hakuna alama nyengine yenye umbo hilo, kwa hivyo hata ikifunikwa na vumbi la simiti, hata ukiiona kwa nyuma, waijua. Pale skulini tuliambiwa majina tu.

Kwa anayejiandikisha sasa: kabla hujalipa, uliza ubao mmoja ni wa watu wangapi, na uliza saa ngapi hakuna mtu. Mimi nilichelewa kugundua kwamba saa nane za mchana, watu wakiwa wamekwenda kula na kulala, ubao ule uko bure na karani hana neno. Siku tatu za mwisho nilikwenda saa hiyo, nikauzunguka peke yangu, kila safari naanzia mahali pasipo A wala B. Zile siku tatu ndizo zilizonirudishia pesa yangu.

Siku ya mtihani tulikuwa wengi, jua la Mombasa mnalijua, na kivuli ni cha mwarobaini mmoja. Tuliingizwa wachache wachache. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja aliyekuwa akijisifu tangu asubuhi. Mtahini akamwonyesha duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani tupu. Akalitazama, akasema, "Hapa picha imefutika." Watu kicheko. Lile duara tupu lina maana yake: magari yote marufuku kupita. Kwenye kijitabu changu nililipaka ukingo, nikaandika chini yake "hata wewe".

Ikaja zamu yangu. Ubao haukufanana. Pale ilipokuwa hospitali yetu pana reli, na raundabauti iko upande wa pili. Nikasikia jasho linateremka ndani ya buibui. Mtahini akaweka kigari kwenye maegesho ya mshazari. "Nipeleke kituo cha petroli." Nikashika kigari, mkono unatetemeka, mdomo ukaanza wenyewe: nimeingia na pua, kwa hivyo natoka kinyumenyume, naangalia nyuma kote kote. Natia indiketa. Nashika kushoto. Kuna mstari usiokatika, siuvuki. Reli, nasimama, natazama, nasikiliza.

Nikafika raundabauti, nikasimama. Nikaendelea kusimama.

"Unangoja nini?"

"Naangalia kulia."

"Kuna mtu?"

Nikatazama ubao. "Hakuna."

"Basi nenda, mama, nyuma wanakupigia honi."

Nikaenda. Alama akaniuliza nne, zote zilikuwa na rangi za kalamu za binti yangu. La mwisho: gari dogo, barabara kuu iliyotenganishwa katikati, mwisho wa mwendo ni ngapi? Wallahi ulimi ulishafika kwenye "sabini". Ile tarumbeta ya simu niliisikia kabisa masikioni. Nikaumeza, nikasema 110. Akaandika kitu, akaniambia nikasubiri nje zamu ya gari.

Nimepita, na Probox sasa inajua njia ya Mtwapa. Programu nimeifuta. Kijitabu kiko kwenye droo ya gari. Kalenda nimeipeleka kwa jirani yangu anayetahiniwa Alhamisi, ina doa la kahawa pale Makupa lakini barabara zote zinaonekana. Nilimwambia anirudishie kibiriti, maana kilikuwa na njiti bado. Mpaka leo sijakiona.