PhET: Pendulamu ya kwenye simu, na kazi inayobaki kwa kamba na jiwe

Carl Wieman alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2001. Mwaka uliofuata, akiwa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, alianzisha PhET, na sehemu ya fedha za tuzo ile ikaingia humo. Ni majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta na simu, bila malipo, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili na watu wanaojitolea. Kwa shule isiyo na maabara, hii ni hazina ya kweli.

Hapa tunapima moja tu, Pendulum Lab, jaribio la pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea mwishoni mwa kamba.

Fungua sehemu ya Lab, weka urefu mita 1.00, msuguano sifuri, mvutano wa Dunia. Ukiachia kwa pembe ndogo, nyuzi 5 au 10, kipindi, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, kinasoma sekunde 2.01 hivi. Badilisha tungamo la kitu kinachobembea: hakuna kinachobadilika. Punguza urefu hadi mita 0.25, kipindi kinakuwa nusu. Hadi hapo kamba na jiwe vingetosha.

Thamani yake inaonekana pale jiwe linaposhindwa. Hamishia pendulamu ya mita 1 mwezini, kipindi kinafika karibu sekunde 4.9. Kisha irudishe duniani na uiachie kwa nyuzi 90: inasoma takriban 2.37. Fomula ya darasani, T = 2π√(L/g), ambayo haitaji pembe kabisa, haikuharibika. Ni ya pembe ndogo tu, na vitabu vingi hulitaja hilo kwa mstari mmoja ambao mwanafunzi huuruka. Hapa analiona kwa macho. Bora zaidi ni Sayari X, ambayo mvutano wake umefichwa: mwanafunzi anapima kipindi T, anazidisha urefu kwa 39.5 (yaani 4π²), anagawanya kwa T mara T, anapata g, kipimo cha mvutano huo, mwenyewe. Zoezi hili peke yake linatosha kipindi kizima cha darasa.

Udhaifu wake mkubwa ni usafi. Kipima muda hakichelewi, na urefu tayari umehesabiwa hadi katikati ya tungamo. Kwenye jaribio la kamba na jiwe, mwanafunzi hupima kamba hadi kwenye fundo. Kama katikati ya jiwe iko sentimita 50 chini ya msumari naye akaandika 48, g yake inashuka kwa asilimia 4, na hajui kwa nini. Kidole nacho huchelewa kubonyeza saa. Ndiyo maana huhesabiwa mizunguko 20 na kugawanya. Hayo PhET haiyafundishi. Kwa hiyo kamba itangulie, simu ifuate. Mwalimu anayegeuza mpangilio huo anapata darasa linaloamini kila namba ya skrini.

Kuhusu intaneti: pakua jaribio mara moja kama faili moja, kisha ligawe kwa Bluetooth au flashi. Ukurasa ukibaki mweupe, huenda simu imeufungua kwa programu ya kusomea faili. Ufungue kwa kivinjari kama Chrome. Majaribio ya zamani ya Java usihangaike nayo kwenye simu. Na kabla ya somo, linganisha istilahi za tafsiri na za kitabu cha darasa, uandike ubaoni zinazotofautiana.