Jiko la kuzama kwenye kaunta, masizi, na duka lililoniuzia: uzoefu wangu

Naanza na friji ili nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Friji ni nzuri. Haina kelele kabisa, yaani siku za mwanzo nilikuwa naifungua mlango kuhakikisha kama kweli inafanya kazi, barafu inashika haraka, samaki wa wiki nzima wanakaa, na umeme ukiyumba jioni kuna kile kidude cha kulinda friji tumechomeka katikati, umeme ukirudi chenyewe kinasubiri dakika kadhaa ndio kinairuhusu friji iwake ili kompresa isishtuke. Friji ipeni nyota zote. Maikrowevu nayo inapasha chakula, sina cha kuongeza. Sasa tuje kwenye jiko.

Mliowahi kukarabati jikoni mnajua hela inavyoyeyuka. Kaunta ya graniti, makabati, marumaru za ukutani, fundi bomba aliyechukua advansi akazima simu, mpaka tunafika kwenye vyombo vya umeme na gesi iliyobaki ni hela ya kikoba na maombi. Baba watoto alitaka lile jiko la kusimama lenye oveni yake chini, hoja yake ni kwamba likiharibika unaliburuza nje basi. Mimi nikakataa, nimeona kwa wifi yangu lile la kioo la pleti nne linalozama kwenye kaunta, oveni ya umeme inaingia kabatini, jikoni pametulia, pana adabu. Tukaenda duka moja kubwa hapa Dar, silitaji, wanajijua. Kijana aliyetuuzia mtanashati, maneno yamejaa mdomoni, kila ninachogusa ananiambia "mama, hata huko Ulaya wanatumia hili hili." Likumbukeni hilo neno la Ulaya, tutalirudia.

Siku ya kuletewa wakaja vijana wawili na kirikuu. Wakalitoa kwenye boksi, wakalishusha kwenye tundu la graniti, wakafunga mpira na regulata, mtungi wakausokomeza ndani ya kabati, wakawasha pleti moja, "mama tayari hiyo", wakaomba hela ya soda. Nikaangalia ule moto. Mrefu, wa njano, unacheza cheza na kuilamba sufuria mpaka ubavuni. Nikauliza mbona moto wa njano? Mmoja akanijibu "ni jipya hilo mama, litazoea."

Litazoea nini jamani? Jiko linazoea?

Kesho yake nimebandika maji ya chai, kuja kuipua naona mkono mweusi. Nikaigeuza sufuria, chini nyeusi tii, masizi yale laini ya kuteleza ambayo ukigusa kwa kidole unaacha alama na kidole nacho kinaondoka nayo mpaka kwenye kitasa cha kabati, kwenye taulo, kwenye shati la shule la mtoto. Hizo sufuria nilizinunua mpya kwa ajili ya jikoni jipya. Nikawa kila baada ya kupika nakaa na stili waya na majivu nasugua, yaani majivu ninayaomba kwa jirani anayepikia mkaa! Ukutani juu ya jiko zile marumaru nyeupe nilizogombana nazo na fundi zikaanza kuweka kivuli. Macho yanawasha, jioni kichwa kinagonga, na mtungi wa kilo 15 ambao zamani nilikuwa nausahau kabisa haukumaliza mwezi. Serikali inatuhimiza nishati safi ya kupikia, mkakati wake unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mimi niliyetii kwa milioni na ushee sufuria zangu zinatoka kama za kuni za msibani.

Nikapiga simu dukani. Na hapa ndipo penye kiini cha hasira yangu kwa hiyo mnivumilie. Akapokea dada wa huduma kwa wateja, sauti tamu, nikamweleza vizuri kabisa, moto wa njano, masizi, gesi inaisha mbio. Akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Kwani mama kabla ya hili ulikuwa unapikia nini?"

Nikamwambia unasemaje? Akarudia. Akaongeza kwamba haya majiko ya kisasa wateja wengine wanakuwa hawajayazoea, na pengine sufuria zangu zilikuwa na uchafu chini tangu zamani. Sufuria mpya! Yaani nimetoa hela yangu, risiti ninayo, halafu napimwa kwa simu kama natokea kwenye mafiga. Na hata kama ningekuwa napikia mafiga, si ndio ungenielekeza kwa upole zaidi? Mama yangu amepikia kuni maisha yake yote na moto wake aliujua kuliko duka zima lile. Lile swali nimelala nalo, nimeamka nalo, nimewasimulia kikoba kizima.

Wakasema watatuma fundi. Nikatuma video WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Nikatuma tena, nikajibiwa kwa kile kidole gumba. Fundi wao alipokuja hatimaye hakufungua kitu hata kimoja, aliinama, akasikiliza, akasema gesi ya mtungi huu mbaya, badilisha kampuni. Tukabadilisha kampuni. Masizi yale yale.

Aliyenitoa kwenye hili janga ni fundi wa mtaani, wa Tabata, jirani yangu ndio aliniunganisha naye, anatengeneza majiko ya migahawa. Huyu kijana aliuangalia moto kwa mbali tu, hata begi lake hajaweka chini, akauliza: "Mama, boksi la jiko bado mnalo?" Boksi lipo stoo, watoto wamewekea madaftari. Akaingiza mkono chini ya lile povu jeupe la kufungashia akatoa kimfuko cha nailoni kidogo, ndani vinozeli vya shaba, yaani vile vyenye kitundu cha kutolea gesi kwenye pleti, vidogo ukivishika vinapotea kiganjani. Akasema hivi ndivyo vilitakiwa vifungwe kabla ya jiko kuwashwa.

Maelezo yake ni haya, nayaandika maana ningeyajua mapema ningeokoa sufuria zangu. Majiko mengi ya namna hii yanatoka kiwandani yamefungwa nozeli za gesi asilia, ile inayokuja nyumbani kwa bomba. Gesi hiyo inakuja na presha ndogo kwa hiyo tundu la nozeli linakuwa kubwa. Sisi wa mitungi tunatumia LPG, ina nguvu zaidi na regulata inaisukuma kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo inataka tundu dogo. Ukiipitisha LPG kwenye tundu la gesi asilia inamwagika nyingi kuliko hewa inayoingia kuchanganyika nayo, haiungui ikaisha, ndio moto wa njano, ndio masizi, ndio mtungi kuisha kabla ya wakati. Akafungua nozeli ya pleti ya ukubwa wa kati kwa spana ndefu namba 7, akaniwekea mbili kiganjani akamulika na tochi ya simu: iliyokuwemo imegongwa 97, ya kwenye kimfuko 65. Hizo ni sehemu za mia za milimita, na tofauti hiyo ambayo kwa jicho huioni ndiyo ilikuwa inanichafulia nyumba. Kwa hiyo ni kweli bwana, hata Ulaya wanatumia hili hili, ndio maana lilifungwa kwa gesi ya Ulaya! Hapa Dar gesi asilia ya Songo Songo kwa bomba imefika kwenye baadhi ya nyumba, kwa mfano Mikocheni, sasa mimi niko Goba na mtungi wangu.

Akabadilisha zote, akavua vishikio, kuna viskrubu vya ndani vya moto mdogo akavikaza, akawasha. Moto wa bluu, mfupi, umesimama. Nilipiga makofi, sioni aibu. Akaniambia pia moto wa njano siyo masizi tu, unatoa na hewa ya sumu isiyo na harufu, na jikoni kwangu madirisha ya kioo tumefunga muda wote kwa sababu ya mbu. Nikakumbuka kichwa changu cha jioni. Halafu akafungua kabati akaona mtungi, akatikisa kichwa: LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, kabati lenyewe halina hata tundu, siku moja unawasha kiberiti unaondoka na ukuta. Mtungi sasa uko nje kwenye kizimba cha nondo na kufuli, maana wezi nao wanataka nishati safi.

Sasa nifikirieni mimi. Kitu kilikuwemo kwenye boksi! Ubavuni mwa boksi kuna stika imeandikwa aina ya gesi, ningemuuliza nani wakati waliolifungua ni vijana wao? Nikapiga simu kuwaambia, siyo hata kwa ubaya, niwaambie tu wasije wakaua mtu. Ile ile sauti tamu ikaniambia, "Mama, kama limefunguliwa na fundi wa nje basi waranti imeshakufa, ungesubiri fundi wetu." Fundi wenu si ndiye aliyeniambia nibadilishe kampuni ya gesi? Jamani.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa Tabata ambaye hata siyo wa kwao.

Ila subirini, kuwa mkweli, jiko lenyewe sasa hivi nalipenda. Nikiacha maharage kwenye ule moto mdogo yanachemka taratibu mpaka yanaiva bila kushika chini, chapati naweka pleti kubwa inatoa moto sawasawa, na kile kioo ukifuta na kitambaa chenye sabuni kidogo kinang'aa wageni wanauliza. Mtungi umerudi kukaa kama zamani. Oveni ni nzuri vilevile ila LUKU mtaisikia, mimi niko ile tarifa ya uniti moja shilingi 356 hivi, na oveni ya ukubwa ule ikikaa saa nzima kwenye joto la kuku inakula uniti karibu mbili, kwa hiyo kuku wa kuchoma amekuwa wa Jumapili na wageni, siku nyingine mchuzi. Hivyo jiko nyota nne, duka sifuri, hata chini ya sifuri kama ipo. Na kama una wa kukuuzia mwingine nunua tu jiko la aina hii, kimfuko ukidai kifungwe mbele yako.

Hiyo nne nilishaiandika hapo juu nikawa nataka kuishia. Sasa juzi wali ulifurika, maji yakaingia pleti ya nyuma kushoto, tangu hapo kile kiwashio kinalia chenyewe tik tik tik hata jiko limezimwa, usiku nasikia mpaka chumbani. Fundi wa Tabata kwa simu kanambia toa vifuniko, kausha, acha mpaka unyevu uishe, kikiendelea ni swichi ya ndani. Nimekausha, nimepulizia mpaka feni ya mezani, kinaendelea. Nimechomoa kwenye soketi nawashia kiberiti. Swichi ni kitu cha waranti kabisa, na waranti ndio hiyo eti imekufa, haina hata mwaka.

Basi tuseme jiko tatu. Na nusu. Jumatatu naenda pale dukani na baba watoto, risiti, boksi lenye stika yake na vinozeli vyao vya gesi asilia kwenye kimfuko, wataniambia hiyo waranti ilizikwa wapi.